Sumaku Mkononi mwa Yaya

Ni mimi niliyeitia ile sumaku mkononi mwa dada yangu siku aliyojifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikana. Nilikana kwa mama mkwe wake, nikakana kwa shemeji yangu, nikakana kwa padri aliyeniuliza kwa upole baada ya misa. Linaloniuma kuliko yote ni kwamba nilikana mbele ya dada yangu mwenyewe, ambaye alijua nasema uongo na akanitazama nikiusema mpaka mwisho.

Kisa chenyewe kinaanzia Uajemi. Najua hilo linavyosikika kutoka kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba za wachimba shaba, lakini sina pa kuanzia pengine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa mwisho katika idara ya historia, Kasapa, chuo kikuu cha Lubumbashi. Siku zile, kuchagua mada ya tasnifu kulihitaji akili ya mtu anayekatiza uani kwa watu wenye mbwa. Ukiandika kuhusu mgodi, utaulizwa nani amekutuma. Ukiandika kuhusu wafalme wa zamani wa huku kwetu, utaulizwa kwa nini mfalme huyu na si yule, na kama babu yako hakuwa mtu wake. Nilitaka nchi ambayo hakuna mtu wa Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, mwenye shemeji huko. Kwenye rafu ya chini ya maktaba nikakuta kitabu kinene, tafsiri ya Kifaransa ya maandishi ya tabibu mmoja wa Uajemi aliyekufa karne nyingi kabla ya bibi wa bibi yangu. Mchwa walikuwa wamekula jalada, homa, macho, meno na nusu ya tumbo. Walichobakiza ni uzazi. Basi mada yangu ilichaguliwa na mchwa: maarifa ya uzazi ya Waajemi wa kale.

Kamati ya vijana wa Chama iliniita. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wa sheria aliyefunga vifungo vyote vya koti lake hata kwenye joto la mwezi wa kumi.

"Citoyenne," akaniuliza, maana Chama kilitaka kila mwanamke aitwe mwananchi, "Uajemi inasaidia nini mapinduzi?"

Nikamjibu kwamba ni elimu kubwa ambayo haikutoka Ulaya. Akaandika, akanitazama, akaandika tena. Tangu siku hiyo niliamini kuna faili yangu mahali fulani, na ndani yake neno Uajemi limepigiwa mstari.

Tabibu wangu alinipendeza. Alisema uchungu hukawia kwa sababu ya mama, au ya mtoto, au ya mahali na majira. Labda mama ana hofu, au ni mara yake ya kwanza. Labda mtoto ni mkubwa, au ametanguliza miguu badala ya kichwa. Labda chumba ni baridi. Alitaka maji ya moto na mafuta, mama atembee kidogo kisha achuchumae, apigishwe chafya, na mkunga awe mtu wa kumtuliza. Katika kurasa zote zilizookoka kwa mchwa, hakuna mahali aliposema mama aulizwe alilala na nani. Pembeni mwa daftari langu niliandika kwa wino mwekundu: HAULIZI.

Kwetu anaulizwa. Uchungu ukikawia, wazee wa kike hufunga mlango na kumtaka mama amtaje mwanamume mwingine, kama yupo. Akimtaja, mtoto hufunguliwa njia, na jambo lenyewe hutafutiwa msamaha na kusahauliwa. Asipomtaja na yupo, mtoto hubaki ndani pamoja na siri. Bibi yangu aliulizwa, mama yangu aliulizwa, na hakuna aliyeona ametukanwa, kama vile hutukanwi nesi akikuuliza umekula saa ngapi. Mimi niliona ni tusi kwa niaba yao wote. Ndiyo kazi ya msomi.

Lakini hata tabibu wangu nilimshuku. Mwanamume wa zama zile aliingia lini chumba cha kuzalia? Bila shaka yote aliyatoa vinywani mwa wakunga ambao hakuona haja ya kuwataja. Halafu, mwishoni mwa sura, baada ya maneno yote yale ya busara, akaongeza kwamba mama akishika sumaku kwa mkono wa kushoto, mtoto hutoka kwa wepesi. Akaliweka hapo kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chungu kilichokwisha kuiva. Nilicheka peke yangu maktabani na kuandika: upuuzi.

Wiki hiyohiyo nikaanza kutafuta sumaku.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa Lubumbashi, na ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Sikuamini sumaku. Nilitaka tu iwepo.

Bwenini kwetu, juu ya mlango wa bafu, Chama kilikuwa kimefunga kipaza sauti kilichotuamsha kila alfajiri kwa nyimbo za kumsifu Kiongozi. Mvua za kwanza zilikiua. Hakuna aliyetoa taarifa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kitengenezwe. Nilikumbuka kutoka masomo ya sekondari kwamba ndani ya kila kipaza sauti kuna sumaku, basi nikapanda kiti na kisu cha mezani. Ilikuwa nyeusi, ya mviringo, yenye tundu katikati, ukubwa wa andazi dogo. Siku mbili baadaye kamati ikagundua kwamba kipaza sauti kimetolewa matumbo, na uchunguzi ukafunguliwa: nani amenyamazisha sauti ya Chama? Wakati huo sauti ya Chama ilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya nguo, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto.

Yaya na mumewe walikaa kwenye kambi ya kampuni ya mgodi, nyumba ya vyumba viwili na kibaraza. Mama mkwe wake alikuwa ameshuka kwa treni kutoka kaskazini wiki tatu kabla ya siku za kujifungua. Alikuwa mjane wa mtu wa reli, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwembamba, asiyepandisha sauti. Alitushuku wote. Hospitali ya kampuni aliishuku kwa sababu huko, alisema, wanawake wanazaa bila mtu kuwauliza kitu, kama mashine. Mimi alinishuku kwa sababu nasoma mambo ya kuzaa na sijaolewa.

"Mwanamuke hayazala bado, iko nasoma namna ya kuzala," alimwambia yaya mbele yangu. "Ni kama padri kufundisha ndoa."

"Lakini mama, bapadri banafundisha ndoa," nikamwambia.

"Njo maana ndoa ziko nakufa," akajibu. Njo ni ndiyo yetu.

Uchungu ulianza Jumamosi asubuhi, nikiwa nimelala kwao na sumaku mfukoni; ilikuwa siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa. Shemeji alikuwa ameshaondoka na koleo, maana asiyefika aliandikwa jina. Mama mkwe akasema ni mtoto wa kwanza, muda upo. Saa sita mchana chupa ya maji ilikuwa imekwisha kupasuka na mtoto hasogei. Jirani akakimbia ofisi ya kambi kuitisha gari la wagonjwa, akarudi akisema limetoka, litakuja. Mama mkwe akafunga mlango. Nilibaki ndani kwa sababu tu nilikataa kutoka.

Alipiga magoti kando ya mkeka, akamshika yaya bega.

"Mwanangu, sema. Hakuna mutu atakukasirikia. Sema jina, mutoto apite."

"Hakuna jina, mama."

"Kila mutu iko na jina."

"Mama," nikaingilia, "kuna munganga mumoja wa Uajemi, anasema ni boga ya mama njo inafunga njia." Boga ni woga wetu wa Lubumbashi.

"Huyu munganga alizala batoto ngapi?"

Swali hilo ni zuri. Nimelitumia mara nyingi darasani bila kumtaja mwenyewe.

"Anasema tena chumba kisikuwe baridi," nikaendelea.

"Baridi? Mwezi wa kumi na moja? Wewe, toka ukatafute hiyo baridi."

Akaendelea kumuuliza. Hakumtisha wala kumsukuma. Aliuliza kwa upole uleule, kama anayesali rozari, na kila swali lilipopita nilimwona yaya akizidi kukaza taya. Hapo nikatoa hotuba. Nilisema kwa Kifaransa kuhusu imani za giza na heshima ya mwanamke, hotuba ndefu, kwa watu wawili ambao mmoja alikuwa anazaa. Mama mkwe alisubiri nimalize, kisha akainuka kuchukua maji kwenye jiko. Alipogeuza mgongo, nikaingiza mkono kwenye mfuko wangu, nikaitia sumaku mkononi mwa yaya, mkono wa kushoto, na soksi yake. Alinitazama. Akaikaza.

Mtoto alizaliwa kabla ya gari kufika, akapokewa kwenye kitenge chenye mwenge wa Chama. Alikuwa msichana, mzima, mwenye hasira. Sitasema ni sumaku. Nitasema tu kwamba kwa dakika chache niliamini kila kitu nilichowahi kusoma, pamoja na nilichoandikia upuuzi.

Kisha vidole vya yaya vikalegea, na mama mkwe akaiona.

"Hii njo nini?"

Yaya alinitazama. Mimi nilimtazama mtoto.

"Sijue, mama," akasema yaya.

"Iko mu mukono yako, na haujue?"

"Sijue."

Mama mkwe akanigeukia. "Wewe unajua?"

"Hapana," nikasema. Halafu, kwa kuwa mwongo hatosheki na neno moja, nikaongeza: "Ni mara ya kwanza ninaona kitu kama hicho."

Hoja yake ilikuwa safi, na mimi niliyefundishwa hoja niliweza kuipima. Njia ilikuwa imefungwa. Mama hakumtaja mtu. Njia ikafunguka. Basi kuna kitu kilichoifungua mahali pa ukweli, na kitu hicho ni kile chuma. Na mwanamke anayejiandalia chuma kabla ya siku yake alijua mapema kwamba atakuwa na la kuficha. Hakupiga kelele. Alikaa wiki moja, akamwogesha mtoto kila siku kwa mikono myepesi, akakitia kile chuma mkobani na kupanda treni. Ila jina hakutoa.

Katika ukoo wao, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wawili hao huitana "majina" maisha yao yote. Siku zile majina ya watakatifu yalikuwa yamekatazwa. Lililotakiwa ni jina la mababu, na hakuna mzee wa ukoo aliyekubali kulitoa kabla ya yule mama kusema. Alichosema alikisema kibarazani, mkoba begani: "Jina yangu haiingie mu kitu sijue."

Basi mtoto akaitwa Bébé. Akaota meno akiwa Bébé, akaanza kutembea akiwa Bébé. Kwenye kadi ya kliniki nesi aliandika Bébé na kufuatisha nukta, kama mtu aliyeitwa katikati ya sentensi.

Habari ilipanda reli na kushuka tena imenenepa. Sasa ilikuwa dawa ya chuma iliyofungwa katika kitambaa cheusi. Kitambaa cheusi! Ilikuwa soksi ya njano niliyoifuma mwenyewe, kwa uzi ulioingia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Mokambo. Mara mbili, mbele za watu, nilifungua mdomo nisahihishe, kwa kuwa nimelelewa na tanbihi, na mara mbili nikaufunga.

Nilijiambia nanyamaza kwa sababu ya kamati. Na kweli wangeweza kunifukuza chuo, au zaidi. Lakini nilipomaliza masomo uchunguzi ulikuwa umejifia, na kipaza sauti kipya kiliimba juu ya mlango wa bafu. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Tasnifu yangu ilikuwa imesifiwa, hasa aya niliyoiita sumaku masalia ya ushirikina. Nikapewa kazi ya usaidizi wa mhadhiri. Wanafunzi walinisikiliza. Nilikuwa radhi dada yangu aitwe mzinzi ili mimi nisiitwe mshirikina. Sijapata namna nyingine ya kulisema, na nimejaribu nyingi.

Shemeji hakumpiga yaya wala kumfukuza. Alianza tu kumchunguza mtoto. Akirudi kazini, kabla ya kula, alimpeleka dirishani na kuangalia masikio yake, kisha vidole vya miguu, kimoja kimoja. Siku moja alinisindikiza hadi barabarani.

"Shemeki, ile chuma, ni wewe?"

"Mimi? Mutu ya université?"

"Njo maana nauliza," akasema, akarudi ndani.

Mtoto alipotimiza miaka miwili, yaya alikuwa na mimba nyingine, na neno likashuka kutoka kaskazini: safari hii apande treni mapema, azalie kwa mama mkwe, aulizwe vizuri. Nilimkuta nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo, Bébé amekaa miguuni pake akila udongo.

"Nimeisha kufikiri," akaniambia bila kuacha kutwanga. "Nitataja mutu."

"Nani?"

"Ule fundi wa nguo wa kwaya, alikufaka mwaka jana. Hatakasirika."

"Iko na mujane."

"Mujane wake alirudiaka kwabo."

"Yaya, haukulala naye."

"Ni wewe unajua vile." Mchi ulishuka mara tatu, nne. "Nikitaja, inaisha. Bébé atapata jina. Bwana yangu atakuwa na kitu kimoja anajua. Hata kama ni uongo, ataacha kuangalia miguu ya mutoto."

Nikasema kwamba hilo ni jambo la hatari, kwamba tufikiri kwanza, kwamba huenda ipo njia ya kumweleza yule mama kwa barua. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Nilikungojea miaka mbili, mudogo," akasema. "Sasa sitangojea tena."

Akamwinua Bébé, akamfuta mdomo, akaingia ndani na kuniacha na kinu.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi shemeji alikwenda stesheni, ambako rafiki yake wa chumba cha simu alimruhusu kuzungumza na mama yake kwa waya wa reli. Mkuu wa kituo cha huko kaskazini alimwita mama huyo, naye akaja. Jumamosi iliyofuata nikamwambia shemeji kwamba nakwenda naye. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameshajizoeza kutouliza.

Alizungumza kwanza yeye: treni gani, tarehe gani, nani atampokea yaya. Nikamwomba mkono wa simu. Alinipa polepole, kama anayempa mtu kisu.

"Mama, ni mimi. Mudogo wa muke wa mwana wako."

"Ule wa Uajemi."

"Njo mimi."

Waya ule ulikuwa mmoja kwa vituo vyote, na yeyote njiani angeweza kuinua simu na kusikiliza. Nilisikia mmoja akiinua, kisha wa pili. Shemeji alisimama kando yangu, sikio karibu na simu, rafiki yake akajifanya anasoma ratiba. Sikuwa nimepanga kuungama mbele ya reli nzima.

"Mama, ile chuma, ni mimi nilimupatia yaya."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu."

"Ni yeye amekutuma. Banakuambia useme vile, juu unasoma, utasema muzuri."

"Hapana, mama."

"Uliitoa wapi?"

Nikatazama ukuta. "Mu kipaza sauti ya Chama."

Kwenye kituo fulani mtu alikohoa.

"Na uliifunga mu nini?" akauliza.

"Mu soksi."

"Soksi gani?"

"Ya mutoto. Ya njano. Nilifuma mimi mwenyewe."

Nilimsikia akipumua kwa pua. Kisha sauti yake ikaja taratibu zaidi.

"Kisigino kilikuwa je?"

"Kilipinda, mama. Sijue kufuma kisigino."

"Kilipinda mubaya sana," akasema. "Mimi niliambia bantu kitambaa cheusi. Wote. Miaka mbili bantu banakuja kwangu, kila mutu anasema anajua, na mimi nauliza kila mutu, na kila mutu anasema cheusi, cheusi. Sikuambia mutu soksi. Nilingoja mwenye kusema soksi."

Kwa miaka miwili nilijiona mimi ndiye mwenye mbinu za utafiti.

"Muke wa mwanangu alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na alinyamaza juu yako."

"Ndiyo, mama."

"Basi anaficha siri ya bengine. Siri yake hana. Azale huko kwenu, mu hospitali, na babo banganga. Mutoto ni majina yangu. Ambia baba yake aende ku ofisi ya komini Jumatatu asubuhi, aandikishe."

"Aksanti, mama."

"Ngoja. Wewe, umeolewa?"

"Bado."

"Siku utakuwa na mimba, panda treni. Utazala kwangu. Wewe njo nitauliza."

Akakata kabla sijajibu. Nilipogeuka, shemeji alikuwa tayari mlangoni, kofia mkononi, akimuuliza rafiki yake kama komini hufunguliwa saa mbili au saa mbili na nusu.